Shika Majira: Namna Simu Inavyojua Ulipo

Haya ni maneno niliyoyasema Pangani, mbele ya wavuvi, walimu na wanafunzi wa sekondari. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wangu, manahodha, mama zangu wa soko la samaki, na ninyi vijana mliokaa mkekani ili wakubwa wapate viti, habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze ile GPS iliyomo kwenye simu zenu. Mimi ni mpima ardhi. Nimeshinda juani na vifaa hivi tangu ujana, milima ya Usambara hadi mwambao huu, na ninavipenda. Lakini sitaanza na kifaa. Nitaanza na neno mlilozaliwa nalo.

Neno lenyewe ni majira. Ukimwuliza kijana wa leo majira ni nini, atakwambia ni wakati: majira ya kusi, majira ya masika, majira ya saa mbili usiku. Amepata. Lakini ukimwuliza mzee aliyeshika usukani wa jahazi, atakwambia majira ni njia ya chombo baharini. Shika majira, yaani usiiache njia uliyoiweka. Aliyepoteza majira amepotea. Na saa ya mkononi ikianza kwenda ovyo, unaitia majira. Neno moja limebeba njia na wakati pamoja. Wataalamu wetu walipotafuta jina la zile namba zinazotaja mahali duniani, wakalichukua hilohilo wakaunda majiranukta.

Lishikeni neno hilo, maana ndani yake imo siri yote ninayotaka kuwaeleza. Simu yako inapima wakati tu. Mahali ulipo panatokana na hesabu ya wakati huo.

Mabaharia waliokwenda na kusi na kurudi na kaskazi walijua kupima nyota. Walikuwa na kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, Waarabu wanakiita kamal. Unauma uzi kwa meno, unakinyosha kibao mbele ya jicho, unaona Nyota ya Kaskazini imepanda kiasi gani juu ya upeo wa bahari. Ukienda kaskazini inapanda, ukija kusini inashuka. Hapa Pangani, karibu nyuzi 5 na nusu kusini ya ikweta, imeshazama kabisa, kwa hiyo walitumia nyota nyingine. Hivyo kaskazini na kusini walipajua.

Mtihani ulikuwa mashariki na magharibi. Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa. Ili ujue umekwenda mashariki kiasi gani, lazima ujue saa hizi ni saa ngapi kule ulikotoka, uilinganishe na saa ya jua hapo ulipo. Ukikosea sekunde 1 tu, katika eneo letu la ikweta umekosea mita zaidi ya 460. Meli zilivunjika kwenye miamba kwa sababu hiyo. Mwaka 1714 bunge la Uingereza liliweka zawadi kubwa kwa atakayetatua jambo hili, na aliyelitatua ni seremala, John Harrison, aliyejifunza mwenyewe kutengeneza saa. Saa yake ya nne ilisafirishwa hadi Jamaica mwaka 1761 ikatunza wakati vizuri ajabu. Tangu hapo baharia anayetaka kujua alipo anabeba saa.

Sasa njooni baharini nami.

Ni usiku, mvua imefunga, huoni taa hata moja ya nchi kavu. Mmekubaliana na mtu aliyesimama kwenye mdomo wa mto hapa Pangani kwamba ikifika saa mbili kamili atapuliza baragumu. Wewe una saa mkononi. Saa mbili kamili inapita, kimya. Zinahesabika sekunde 10, ndipo unalisikia. Sauti hewani inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde. Basi uko mita 3,400 kutoka kwake. Upande gani? Baragumu halisemi. Unachojua ni kwamba uko mahali fulani juu ya duara ambalo yeye ni kitovu chake.

Mwingine yuko Ushongo, kijiji cha pwani kusini mwa hapa, naye amepuliza saa mbili kamili hiyohiyo, lake lina mlio mwingine. Linakufikia baada ya sekunde 30. Hilo ni duara la pili, la mita 10,200. Maduara mawili yanakatana sehemu mbili. Sehemu moja iko nchi kavu, katikati ya minazi, na wewe unayasikia maji chini ya mashua. Basi uko kwenye ile nyingine.

Ni rahisi, ila nimewaficha jambo moja. Nimechukulia kwamba saa yako ni sahihi. Itakuwaje ikiwa imechelewa sekunde 2? Kila umbali utaupunguza kwa mita 680. Maduara yako bado yatakatana vizuri, na utaelekeza mashua kwa furaha mahali ambapo haupo. Hakuna dalili itakayokuonya.

Ndiyo maana tunamweka mtu wa tatu, kwenye jahazi lililotia nanga pale Maziwe, kisiwa chetu ambacho siku hizi bamvua likijaa kinafunikwa. Duara lake likikataa kupita kwenye ile nukta ya mkutano, umejua saa yako ina kasoro. Na hapa tulieni kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Kasoro ni moja kwa maduara yote matatu, kwa kuwa saa ni moja. Basi unaongeza kiasi kilekile kwenye kila umbali, kidogo kidogo, mpaka maduara matatu yakutane kwenye nukta moja. Kuna kiasi kimoja tu kitakachofanya hivyo. Ukikipata umepata mambo mawili kwa pamoja: uko wapi, na saa yako imekosea kiasi gani. Saa ya bei rahisi imetiwa majira na mabaragumu.

Mimi nilipoielewa hesabu hii kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Bado naiona nzuri.

Angani ni mambo hayohayo. Mahali pa baragumu pana satelaiti, mahali pa sauti pana mawimbi ya redio, na mahali pa duara juu ya maji pana tufe zima, kwa sababu huko tunatafuta na kimo pia. Visivyojulikana ni vinne: latitudo, longitudo, kimo, na kasoro ya saa ya simu. Walimu wa hisabati mmeshanielewa: visivyojulikana vinne vinataka milinganyo minne, na milinganyo minne inataka satelaiti nne. Zikiwa tano au kumi, hesabu inazidi kutulia.

Satelaiti za GPS, ambazo ni za Marekani, zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kwenye njia sita zilizoinama nyuzi 55, na kila moja inaizunguka dunia takriban mara mbili kwa siku. Mpango wa mwanzo ulitaka 24, siku hizi zinazofanya kazi ni zaidi ya 30. Warusi wana GLONASS, Ulaya ina Galileo, China ina BeiDou iliyokamilika mwaka 2020, na simu nyingi mlizonazo zinasikiliza mifumo hii yote bila kubagua. Nikisema GPS leo, mjue nawasemea wote.

Mawimbi ya redio yanakwenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 299,792 kwa sekunde. Kutoka satelaiti iliyo utosini hadi hapa yanatumia sekunde 0.067. Sasa ukikosea sekunde 1 kwenye baragumu umepotea mita 340. Ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde kwenye redio, umepotea mita 300. Kijana, toa rula kwenye mkoba wako. Ile ya sentimita 30. Mwanga unaimaliza rula hiyo kwa nanosekunde 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kila rula ya usahihi unayoitaka ardhini inadai nanosekunde moja angani. Ndiyo sababu kila satelaiti imebeba saa za atomi, za rubidi au za sizi. Simu yako haina saa kama hiyo na haiihitaji. Ina saa ya kawaida ya kwatzi, na satelaiti ya nne inaitia majira kila sekunde.

Mwalimu mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: kifaa kinajuaje wimbi limeondoka saa ngapi? Nitamjibu kwa utenzi.

Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani 8. Chukueni waghani wawili wanaoujua utenzi mmoja kwa moyo. Mmoja anaghani hapa karibu yako, mwingine ng'ambo ya mto kule Bweni, wameanza kwa wakati mmoja. Sauti ya Bweni itakufikia imechelewa. Huyu wa karibu yuko mizani ya sita, wa mbali ndiyo kwanza unamsikia mizani ya tatu. Ukizihesabu mizani alizobaki nyuma, umepima umbali wake.

Kila satelaiti ya GPS ya Marekani ina utenzi wake wa namba 0 na 1, wenye mizani 1,023, na inaurudia mara 1,000 kwa sekunde. Simu yako inazijua tenzi zote kwa moyo. Inaughani utenzi uleule kimoyomoyo, inauvuta mbele na nyuma mpaka ulingane na unaotoka juu, kisha inasoma imeuvuta kiasi gani. Mizani moja ni kama mita 300 za umbali, na kifaa kizuri kinaweza kulinganisha hadi sehemu ndogo sana ya mizani. Zote zinaghani kwa pamoja kwenye masafa yaleyale, megahezi 1,575.42, na hazichanganyikani, kwa sababu anayeujua utenzi anautambua hata kwenye kelele za soko. Na kelele ni nyingi kweli. Satelaiti inarusha kwa nguvu ya wati makumi machache tu, kama balbu ya nyumbani, kutoka kilomita 20,000. Likifika hapa wimbi ni hafifu kuliko kelele za kawaida za redio. Ni huko kurudiarudia utenzi kunakolitoa.

Sasa niliseme jambo linalowasumbua wengi. Satelaiti haikuoni. Haijui kama una simu wala kama upo. Inaghani tu, kwa bara zima na bahari nzima. Simu inasikiliza na kupiga hesabu peke yake, haiipelekei satelaiti neno lolote. Kwa hiyo huhitaji bando wala mtandao kujua majiranukta zako. Ukiwa mbali huko ambako minara imekwisha, zitakuja. Kitakachokosekana ni picha ya ramani, kama hukuipakua kabla. Na zile VTS, vifaa vya kufuatilia magari, za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwenye mabasi ya mikoani? Kifaa kinasikiliza satelaiti, kinajua basi liko wapi na linakwenda kasi gani, kisha kinatuma taarifa hiyo kwa laini ya simu. Anayefuatiliwa anafuatiliwa kwa mnara. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa yeyote anayejali faragha yake.

Huko baharini mtaona pia kwamba inachukua muda kidogo zaidi. Kabla ya kupiga hesabu lazima kifaa kijue kila satelaiti iko wapi, na satelaiti yenyewe ndiyo inayolisema hilo, polepole sana, biti 50 kwa sekunde. Kusikiliza taarifa ya mahali pake kunachukua kama sekunde 30. Mjini simu inazipata taarifa hizo mtandaoni mara moja. Baharini tulia, iweke simu mahali penye anga wazi, isubiri.

Na satelaiti nayo inajuaje iko wapi? Inaambiwa kutoka chini. Kuna vituo vinavyozisikiliza mchana na usiku, kimoja kiko hapa kwenye bahari yetu ya Hindi, Diego Garcia. Vipimo vinakwenda Colorado, vinapigiwa hesabu, na satelaiti inapelekewa maelezo mapya ya njia yake na saa yake. Kuna pia vituo vya kisayansi vinavyosikiliza kwa ajili ya utafiti, na kimojawapo kiko kwa jirani zetu wa Kenya, Malindi, karibu na pale Waitaliano walikorushia satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Hicho cha Malindi nitakirudia.

Kazi hii ilianza kwa bahati. Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, na vijana wawili wa maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, William Guier na George Weiffenbach, wakaanza kusikiliza mlio wake. Walisikia mlio unapanda satelaiti ikija na kushuka ikienda, kama honi ya basi linalokupita barabarani. Kutokana na kupanda na kushuka huko wakaweza kukokotoa njia yake yote. Mwaka uliofuata mkubwa wao, Frank McClure, akawauliza swali la kinyume: kama kwa kujua mlipo mmeipata satelaiti, je, kwa kuijua satelaiti mnaweza kumpata msikilizaji? Jeshi la majini la Marekani lilikuwa linatafuta jibu hilo kwa nyambizi zake. Satelaiti ya kwanza ya GPS yenyewe ilirushwa Februari 1978. Na nyuma ya hesabu zake wapo watu ambao majina yao yalikaa kimya miaka mingi, kama Gladys West, binti wa wakulima weusi wa Virginia, aliyefanya kazi Dahlgren, kituo cha utafiti cha jeshi la majini, akikokotoa umbo halisi la dunia. Bila umbo hilo maduara yote niliyowachorea yangekuwa yanakatana hewani. Wasichana mlio hapa, lishikeni jina lake.

Sasa Einstein. Alisema mtu anayekwenda kasi saa yake inachelewa, na aliye mbali na uzito wa dunia saa yake inawahi. Satelaiti inakwenda karibu kilomita 4 kwa sekunde, kwa hiyo inapoteza mikrosekunde 7, yaani sehemu 7 za milioni ya sekunde, kwa siku. Iko juu, kwa hiyo inapata mikrosekunde 45. Inabaki mbele kwa 38. Kumbukeni mikrosekunde moja ni mita 300. Ukiziacha saa ziwahi hivyo, umbali unaoupima unakosea kama kilomita 11 kila siku.

Wapo wahandisi waliotilia shaka. Satelaiti ya majaribio NTS-2 iliporushwa Juni 1977, iliwekewa saa ya sizi na kifaa cha kuirekebisha, lakini kifaa kikaachwa kimezimwa kwa siku 20 hivi ili waone. Saa ikawahi, karibu kabisa na kiasi ambacho hesabu ilikuwa imesema. Wakakiwasha. Leo saa za satelaiti zinapunguzwa mwendo kabla hazijaondoka ardhini: badala ya megahezi 10.23 zinawekwa 10.22999999543, ili zikifika juu zisikike sawa. Nikiona mvuvi amefungua simu kutafuta mwamba wake wa changu, nafikiri juu ya tarakimu hizo.

Nitawasimulia lililonipata mwaka 1998. Nilikuwa kijana kazini, nikapanda kilima kimoja Muheza nikiwa na kifaa cha GPS cha mkononi na ramani ya zamani, ile ya kipimo cha 1 kwa 50,000. Juu ya kilima kuna bikoni, yaani jiwe la alama, la wapimaji wa enzi ya mkoloni. Nikakiweka kifaa juu ya bikoni, nikakaa. Namba hazikutulia. Kifaa hakisogei, jiwe halisogei, lakini majiranukta zinatembea makumi ya mita huku na huku. Nikachukua wastani wa muda mrefu, nikaweka nukta kwenye ramani. Ikaangukia karibu mita 300 kutoka kwenye alama ya bikoni. Nikamwambia mzee mwenye shamba la pale kwamba huenda jiwe limehamishwa. Mzee akaniangalia akasema: "Mwanangu, jiwe hili nimelikuta nikiwa mtoto. Halijasogea."

Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na makosa mawili mkononi bila kuyajua.

La kwanza lilikuwa la kupangwa. GPS ni mali ya jeshi. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia kwenye anga ya Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa, wakafa watu 269. Rais Reagan akatangaza kwamba mfumo huu utafunguliwa kwa raia wa dunia yote. Ulifunguliwa, lakini mawimbi ya raia yaliharibiwa makusudi kidogo, ili tusipate usahihi wa jeshi. Hiyo ndiyo iliyokuwa inachezesha namba zangu Muheza. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilizima uharibifu huo. Siku hiyo vifaa vyote duniani, hata vya kale, vilitulia bila kuguswa na fundi.

Kosa la pili lilikuwa letu, nalo bado lipo. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, uliochukulia umbo la dunia kama lilivyokadiriwa mwaka 1880. GPS inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Latitudo na longitudo zilezile kwenye mifumo hii miwili ni sehemu mbili tofauti ardhini, na tofauti katika nchi zetu ni karibu mita 300. Kifaa kilikuwa sawa, ramani ilikuwa sawa, zilikuwa zinazungumza lugha mbili. Nimeona ndugu wakigombana, mmoja ameshika hati ya zamani, mwingine ameshika simu, na wote wawili ni wakweli. Kabla hamjashikana mashati kwa ajili ya majiranukta, ulizeni kwanza ni za mfumo gani.

Na kwa kuwa nimegusa viwanja, niseme kwa uchungu. Usinunue kiwanja kwa majiranukta za simu. Simu nzuri mahali pa wazi inakosea mita 3 hadi 5. Kiwanja chako kina upana wa mita 15 au 20. Mpima halisi anaacha kifaa kimoja juu ya alama inayojulikana na kutembea na kingine, makosa ya kimoja yanasahihisha ya mwenzake, anafika kwenye sentimita. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kesi.

Simu inakosea kwa nini? Mjini, kwa mwangwi. Ingia vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au magorofani Kariakoo, wimbi linagonga ukuta kwanza ndipo likufikie, limetembea zaidi, na simu inadhani satelaiti iko mbali zaidi. Ndiyo maana ile nukta ya buluu inaruka mtaa.

Baharini hakuna kuta, lakini kuna anga. Juu kabisa kuna tabaka ambalo jua limezivunja chembe zake zikawa na chaji ya umeme, na wimbi likipita humo linacheleweshwa. Sisi tuko mahali pagumu kwa jambo hili. Ikweta ya sumaku ya dunia, upande wetu wa Afrika, inapita Ethiopia. Pale chembe zinanyanyuliwa juu, kisha zinateremka kaskazini na kusini kama maji ya chemchemi, na rundo la kusini linaangukia juu ya nchi yetu. Jua likishazama, hasa miezi ya Machi na Septemba, ndani ya rundo hilo hutokea mapovu yanayolifanya wimbi limetemete kama nyota. Kwa hiyo, nahodha, ukiona saa mbili au tatu usiku majiranukta zinayumba, usikigonge kifaa. Simu mpya zinazosikiliza masafa mawili zinaupima ucheleweshaji huo na kuuondoa kwa sehemu kubwa. Dira na alama zenu za nchi kavu, mlizofundishwa na baba zenu, msiziache.

Jambo moja dogo ambalo linaweza kuokoa roho. Ukipata dharura ukapiga simu kutaja ulipo, Pangani ni takriban kutoa 5.4 na 39. Ile alama ya kutoa maana yake kusini. Ukiisahau, umewaambia waokoaji kwamba uko nyuzi 5.4 kaskazini, na huko ni kusini mwa Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, bila bahari. Sema neno "kusini" kwa mdomo wako. Halafu taja tarakimu nne baada ya nukta, hizo zinatosha kukupata ndani ya mita 11. Mbili peke yake zinakuacha kwenye kilomita nzima, na usiku kilomita moja ya maji ni kubwa mno.

Nilisema nitarudi Malindi. Kifaa cha kituo kile kimefungwa kwenye ardhi imara na kinasikiliza satelaiti mwaka baada ya mwaka. Majiranukta zake hazirudii. Kila mwaka zinasogea karibu sentimita 3 kuelekea kaskazini-mashariki, kwa utaratibu, kama saa. Ni ardhi yenyewe inayotembea. Mwambao huu wote, Malindi, Mombasa, Tanga na hapa tulipokaa, uko juu ya bamba moja la miamba, na bamba linakwenda. Kwa hiyo sisi wapimaji tunapofanya kazi nyeti hatuandiki majiranukta peke yake. Tunaandika na tarehe: hapa palikuwa hapa, mwaka fulani. Bila majira ya wakati, majira ya mahali hayajakamilika.

Yule mzee wa Muheza ameshatangulia, Mungu amrehemu. Tangu siku ile ya mwaka 1998 bikoni yake imesogea zaidi ya nusu mita. Imesogea pamoja na kilima, na shamba, na mipaka yote ya majirani, na mto huu, na hakuna aliyeigusa.